Kumi, Ishirini, Thelathini: Historia Fupi ya Kujenga Injini Babati

Injini ikifumuliwa kwenye gereji yoyote hapa Babati, utawasikia mafundi wakitajiana namba: standadi, kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Mgeni anaweza kudhani wanapatana bei. Hapana, wanataja vipimo. "Kumi" ni sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, yaani kama robo ya milimita. Kranki iliyolika inapelekwa kuchongwa ili iwe laini na duara tena. Ikishachongwa imekonda, kwa hiyo inataka beringi nene kidogo. Silinda zilizolika zinapanuliwa, nazo zinataka pistoni pana zaidi. Mara ya kwanza unaenda kumi, mara nyingine ishirini, na kuendelea, hadi chuma chenyewe kikatae.

Cha kushangaza ni kwamba injini hiyo iliyolala mezani siku hizi karibu kila mara ni ya Kijapani. Imeundwa kwa milimita, na boksi la beringi limeandikwa 0.25 au 0.50. Fundi anasoma 0.25, mdomo unatamka "kumi". Anasoma 0.50, anasema "ishirini". Bendera ya Mwingereza ilishushwa Tanganyika mwaka 1961, lakini inchi yake bado iko kazini, tena kwa Kiswahili, tena juu ya injini za watu wengine.

Mimi nadhani maneno hayo matano yamebeba historia ambayo hatujaiandika. Tuna vitabu vya machifu, vya vyama na vya mashujaa. Historia ya namna mji wa barabarani kama Babati ulivyoyaweka magari yake hai haimo popote. Na swali la historia hiyo ni moja tu, ambalo mwenye gari amekuwa akiulizwa tangu enzi za babu zetu: tukijenga injini hii upya, tuweke spea ipi?

Mji uliozaliwa na barabara

Babati ipo hapa ilipo kwa sababu ya barabara. Ile njia kuu ya kikoloni iliyootwa kutoka Cape hadi Cairo ilipita hapa, ikitoka Dodoma na Kondoa kwenda Arusha, na baadaye njia ya Singida ikaungana nayo. Kabla ya kuwa makao ya mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, na kabla hata ya kuwa wilaya yake yenyewe mwaka 1985, Babati ilikuwa ni pahala pa kusimama, kula na kutengeneza gari.

Wapenzi wa vitabu wanamkumbuka Ernest Hemingway aliyekuja kuwinda Tanganyika mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934, akaandika Green Hills of Africa, kitabu kilichotoka mwaka 1935. Babati inatajwa humo. Wasomaji wengi wanakumbuka tandala na mazungumzo ya fasihi. Mimi nakumbuka kwamba mazungumzo yale yanaanza kwa sababu lori la Muaustria mmoja limeharibika njiani. Lori bovu ndilo lililowakutanisha. Mtu yeyote aliyewahi kulala porini kati ya Kondoa na Babati kabla ya lami atakuambia kwamba hilo si jambo la kubuni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili magari ya Kiingereza yalijaa kwenye njia hii: malori ya Bedford na, zaidi ya yote, Land Rover. Serikali ilikuwa nazo, polisi walikuwa nazo, misheni zilikuwa nazo. Kuchagua spea katika enzi hiyo kulikuwa rahisi, ukiwa na hela. Kulikuwa na wakala, wakala alikuwa na kitabu, na kitabu kilikuwa na namba ya kila nati. Arusha na Moshi zikikosa kitu, Nairobi haikuwa mbali. Kutoka Arusha ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam kwa kiasi kikubwa. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa soko moja, kwa hiyo beringi ilisafiri kama abiria mwingine yeyote.

Bloku ileile, injini kubwa zaidi

Tuiangalie Land Rover kwa karibu, maana ndiyo iliyowafundisha mafundi wengi wa nchi hii hesabu ya injini.

Gari la kwanza la mwaka 1948 lilikuwa na injini ya petroli ya cc 1,595. Ilipofika 1958 kukaja ile maarufu ya cc 2,286, na mwaka 1961 dizeli ikapata ujazo huohuo. Kabla ya hapo dizeli ilikuwa cc 2,052. Waliipataje nyongeza? Waliiacha safari ya pistoni vilevile, milimita 88.9, wakapanua silinda kutoka milimita 85.7 hadi 90.47. Zaidi ya miaka 20 baadaye walitaka nguvu zaidi tena. Safari hii waliuacha upana wa 90.47 kama ulivyo, wakarefusha safari ya pistoni hadi milimita 97. Ikawa cc 2,495.

Hapo ndipo ilipo kanuni nzima. Ujazo wa injini unaongezwa kwa njia mbili tu bila kuongeza silinda: ama unapanua tundu, ama unarefusha safari ya pistoni. Kila njia ina bei yake. Ukipanua tundu, ukuta wa silinda unapungua na joto linapata pa kupasulia. Ukirefusha safari, unahitaji kranki nyingine, na kranki nyingine inadai konrodi au pistoni nyingine.

Wamarekani ndio waliolifanya jambo hili kuwa kama dini. Mwaka 1955 Chevrolet walitoa injini ya silinda nane ya cc karibu 4,300, ndogo kwa umbo ukilinganisha na ndugu zake. Kwenye familia ileile, bila kubadilisha nafasi kati ya tundu na tundu, walipanda hadi kufikia cc karibu 6,600 mwaka 1970. Kufika huko iliwabidi waziunganishe kuta za silinda, maji yasipite tena katikati. Ndiyo maana bloku ile ina vitundu vidogo vya kutolea mvuke juu yake, na ukiweka silinda hedi isiyo na vitundu hivyo, unaikaribisha injini kuchemka.

Wajanja wa mitaani huko wakabuni njia ya kati: chukua bloku ya 5,700, tia kranki ya ile 6,600, upate karibu 6,300 bila kuta kukonda sana. Lakini shingo za kranki hiyo ni nene mno kwa bloku hiyo, lazima zichongwe. Pistoni lazima ziwe zile ambazo pini yake imepandishwa juu, la sivyo zitagonga hedi. Sehemu ya chini ya bloku lazima ikwanguliwe kidogo ili bolti za konrodi zipite. Na gurudumu la injini lazima liendane na uzani wa kranki ile, siyo wa bloku.

Nimeyasema haya ya Marekani kwa sababu fundi wa Babati akiyasikia hatashangaa. Atasema tu: ndiyo, spea haichaguliwi peke yake. Kila kipande unachobadilisha kinamwita jirani yake.

Miaka ya kunyofoa

Halafu ikaja miaka ambayo hakukuwa na kuchagua.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Ulikuja kufunguliwa mwaka 1983. Kwa watu wa kaskazini, hiyo ilikuwa sawa na duka kubwa la spea kufungwa kwa miaka sita. Katikati ya hapo ikapita vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda duniani, na fedha za kigeni zikakauka. Magari na vipuri vilipitia mashirika ya umma kama State Motor Corporation, kwa vibali na foleni. Kuwa na hela mfukoni hakukutosha tena.

Enzi hiyo ndiyo iliyozaa fundi tunayemjua. Gari moja lilinyofolewa ili mawili yaishi. Gasketi zilikatwa kwa karatasi ngumu na mkasi. Silinda hedi iliyopasuka ilichomelewa badala ya kutupwa. Kranki iliyofika arobaini haikutupwa pia, ilisubiri ujanja. Na hapa ndipo kupima kulipogeuka kuwa akili ya mtu, si kazi ya kitabu. Kama beringi pekee iliyopo wilayani ni ya ishirini na kranki yako ni ya kumi, unaichonga kranki ifuate beringi. Spea ndiyo iliyoichagua injini.

Hata hivyo kulikuwa na makosa ambayo ujanja haukuyafuta. Injini ya Land Rover ya 2,286 ilitoka kiwandani ikiwa na beringi kubwa tatu za kushikilia kranki, na kuanzia 1980 ikawa na tano. Kwa nje zinafanana. Kranki ya moja haikai kwenye bloku ya nyingine hata uombe dua. Mtu aliyesafiri na kranki mgongoni kutoka Dar kwenda bara bila kuuliza swali hilo alirudi nayo mgongoni.

Taifa nalo lilijaribu kujibu. Kibaha palianzishwa Nyumbu, kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari, kwa ndoto ya kuunda gari la Mtanzania, na hapohapo Kibaha TAMCO ikaunganisha malori ya Scania. Lori la Nyumbu liliundwa kweli na likatembea, ila halikufika kuwa lori la kila mtu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walioficha bidhaa. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize vitu bila kuulizwa amezipata wapi. Mlango ukafunguka, na wa kwanza kupita, baada ya nguo, alikuwa Mjapani.

Wapo wanaoikumbuka miaka ile kwa hamu, eti mafundi walikuwa mafundi kweli. Sikubaliani nao. Mgonjwa aliyekufa njiani kwa sababu gari la hospitali lilikosa pampu ya maji hawezi kuja kuusifu ubunifu. Uhaba ulifundisha, ni kweli, lakini ada yake ilikuwa kubwa mno.

Canter na wingi wake

Leo tatizo limegeuka. Kenya inazuia gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingia; sisi tunaliruhusu na kulitoza kodi zaidi. Kwa hiyo Tanzania ni mahali ambapo injini ya Kijapani huja kuishi maisha yake ya pili na ya tatu.

Magari ya watalii yanayoingia Tarangire ni Land Cruiser, na mengi yana ile injini ya silinda sita inayoitwa 1HZ. Nayo ina ukoo. Mama yao, H ya miaka ya 1970, ilikuwa cc 3,576. Ikafuata 2H, cc 3,980, kwa kupanua tundu kutoka milimita 88 hadi 91 na kurefusha safari kutoka 98 hadi 102. Mwaka 1990 ikaja 1HZ, tundu milimita 94, safari milimita 100, cc 4,164. Haina tabo, haina haraka, na kwa sababu hiyohiyo inasamehe.

Lakini injini ya Babati hasa, inayobeba mahindi, mbaazi na vitunguu vyetu, ni ya Mitsubishi Canter. Angalia familia yake. 4D31: tundu milimita 100, safari milimita 105, cc 3,298. 4D32: tundu 104, safari ileile 105, cc 3,567. 4D33: tundu 108, safari 115, cc 4,214. Kisha 4D34, ambayo ilichukua upana wa 4D32 na safari ya 4D33, yaani 104 kwa 115, ikawa cc 3,907, wakaivika tabo. Mtu wa Detroit angeyasoma mahesabu haya na kucheka kwa furaha. Ni mchezo uleule wa bloku ndogo na ujazo mkubwa, ila huku unachezwa kwa ajili ya magunia, siyo mashindano.

Na hapa ndipo mwenye Canter anapoumia. 4D32 na 4D34 zote zina tundu la 104. Muuzaji anaweza kukuambia pistoni ni zilezile, na venia kalipa itamuunga mkono ukipima upana peke yake. Upana kulingana hakufanyi pistoni kuwa moja. Lazima upime kutoka katikati ya pini hadi juu ya pistoni, unene wa kila ringi, na umbo la bakuli la juu ambamo dizeli inawakia. Ukikosea hapo, injini itawaka, itaondoka, na itakufia kwenye mpando wa Dareda ikiwa na mzigo wa mtu mwingine.

Uchague vipi, basi?

Nimekaa na mafundi wa kutosha, na wanaoaminika wana mpangilio unaofanana. Hawaanzi dukani. Wanaanza na bloku: wanaisafisha, wanatafuta ufa, wanapima kila silinda juu, katikati na chini, kwa urefu na kwa upana, kwa sababu silinda hailiki sawasawa. Halafu kranki. Vipimo ndivyo vinavyotoa orodha ya kununua. Orodha haitoki kichwani kwa mwenye duka.

Beringi wanaigeuza na kusoma namba iliyopigwa mgongoni, maana boksi linaweza kudanganya. Ringi wanaiingiza ndani ya silinda peke yake, wanaisukuma kwa pistoni ikae sawa, na kupima mwanya wake kwa fila geji kabla ya kuivisha. Kwa injini nyingi za dizeli, gasketi ya hedi huja kwa unene tofauti, na kinachoamua ni pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Mwisho wanaangalia rejeta na pampu ya maji, kwa sababu Babati ipo zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari na kila njia ya kutoka magharibi inapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Injini mpya kwenye rejeta lililoziba ni hela iliyotiwa moto.

Wenye uwezo sasa wanaruka yote hayo. Wanapiga simu Gerezani, Dar es Salaam, wanaletewa injini nzima ya mtumba kutoka Japani, inashushwa asubuhi na kufungwa siku hiyohiyo. Silaumu. Lori likisimama mwezi mzima wakati wa mavuno, marejesho ya mkopo hayasimami. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, mzigo wa Dar unafika hapa kirahisi kuliko wakati wowote. Lakini injini nzima unainunua bila kuiona ndani, na ikizingua, unahitaji mtu yuleyule anayejua kupima. Tukizoea kubadilisha tu, vijana wanaojifunza gereji leo watamjua mtoa injini, hawatamjua mjenzi wa injini.

Katika enzi zote tatu, ya wakala, ya uhaba na ya wingi, kitu kimoja hakijabadilika: aliyepima alisafiri, aliyekisia alisukuma. Kilichopungua ni kuandika. Wakala alikuwa na kitabu chake. Fundi wa miaka ya kunyofoa aliyaweka yote kichwani na ameondoka nayo, au anaondoka nayo sasa. Fundi wa leo anaifungua injini bila kujua imechongwa mara ngapi, nani aliichonga, na kwa nini silinda ya tatu ina pistoni tofauti. Anaanza moja kila mara, kwa gharama ya mwenye gari.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye Canter, Land Rover ya marehemu baba au trekta la Magugu ni wa bei ndogo kuliko spea yoyote. Nunua daftari, liishi ndani ya gari. Injini ikifumuliwa, mwambie fundi aandike tarehe, kilomita, kranki imefika ngapi, silinda zimefika ngapi, na spea zimetoka duka gani. Fundi atasaini. Siku ukiliuza gari, daftari liende nalo. Mnunuzi atajua kama kranki ina nafasi ya kuchongwa tena au imeshafika arobaini, na wewe hutakuwa na sababu ya kumdanganya.